Samadi Mbichi na Mchicha wa Wiki Tatu

Leo tunazungumza kuhusu samadi, hasa kinyesi cha kuku, na jinsi kinavyoweza kufika kwenye sahani ya mboga. Wanaokula muda huu wanisamehe, maana jambo lenyewe linawahusu wao kuliko wengine.

Ukipita asubuhi kwenye mabonde ya Dar es Salaam yanayolimwa mboga, kwa mfano kando ya Mto Msimbazi, utakuta viroba vimesimamishwa mwisho wa matuta. Ndani mna maranda yaliyozolewa kwenye banda la kuku wa nyama, yameshikana na kinyesi, bado yana unyevu, na ukifungua mdomo wa kiroba harufu yake inakuchoma macho. Mkulima anayamwaga juu ya tuta, anayachanganya na udongo kwa jembe, anasawazisha, anatawanya mbegu za mchicha, kisha anamwagilia kwa keni asubuhi na jioni. Wiki ya tatu au ya nne mchuuzi anakuja kununua tuta zima. Mchicha unang'olewa na mizizi yake, unakung'utwa, unafungwa mafungu, na kabla ya adhuhuri umeshafika gengeni.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtetezi wa samadi. Udongo wa pwani ni wa kichanga, maji yanapita kama kwenye chekeche, na bila samadi au mboji huwezi kuulima mwaka hadi mwaka ukapata kitu. Bei ya mbolea ya viwandani ilipopaa mwaka 2021 na 2022, hadi serikali ikaanzisha ruzuku msimu wa 2022/2023, wakulima wengi wa mboga waliokoka kwa sababu ya banda la kuku la jirani. Samadi inalisha udongo, inashika maji, inafuga wadudu wadogo wanaoupa udongo uhai. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia mkulima aiache.

Ninachokipinga ni samadi mbichi kwenye mboga ya majani. Kinyesi kibichi hubeba vimelea vya tumbo la mnyama aliyekitoa: Salmonella na Campylobacter kwa kuku, aina kali za E. koli kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, Listeria kwa wanyama wengi na hata kwenye udongo wenyewe. Vimelea hivi havifi siku samadi inapofukiwa. Mvua ikipiga, au maji ya keni yakidondoka kwa nguvu, matone ya udongo yanaruka na kugandia upande wa chini wa majani, mahali ambapo jua haliwaki na maji ya kuoshea hayafiki vizuri. Mboga ya majani hukaa karibu na ardhi, ina mikunjo na vinyweleo, na huliwa ile sehemu iliyorushiwa udongo. Muhindi una maganda, ndizi ina ganda. Mchicha hauna kinga hiyo.

Sasa tupige hesabu ya siku. Marekani ina kanuni za kilimo hai, yaani kanuni zilizotungwa kwa ajili ya watu wanaotumia samadi na wanaoipenda. Zinasema samadi mbichi ikitumika kwa mazao ya chakula, lazima ifukiwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 ikiwa haigusi. Huu ndio muda ambao watungaji wa kanuni hizo waliuona unafaa. Mchicha wetu unavunwa kati ya siku 21 na 28. Katika siku 120 mkulima wa bondeni anaweza kuvuna tuta moja mara nne, na kila mara ameongeza kiroba kingine. Kwa maneno mengine, hakuna namna yoyote ya kutumia samadi mbichi kwenye mchicha ukatimiza kanuni hiyo. Ratiba ya zao lenyewe haikubali.

Na siku 120 hazikuwekwa kwa uoga wa bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2004, walitia makusudi E. koli O157:H7 kwenye mbolea na maji ya shamba la majaribio, wakapanda saladi na paseli, wakawa wanapima. Kwenye udongo bakteria hao walidumu kati ya siku 154 na 217. Kwenye majani ya saladi walionekana hadi siku ya 77, na kwenye paseli hadi siku ya 177. Ni kweli kwamba jua letu ni kali, na udongo unaokauka huua vimelea vingi. Lakini tuta la mchicha halikauki, kwa kuwa linamwagiliwa mara mbili kwa siku.

Kuna mboga ambazo hali yake ni mbaya zaidi ya mchicha. Chainizi, sukuma wiki na matembele hayang'olewi. Yanachumwa, yanachipua, yanachumwa tena. Kati ya mchumo mmoja na mwingine mkulima anaongeza mbolea, na akiwa na maranda mabichi atayamwaga hapo hapo katikati ya mashina, juu ya udongo, huku majani ya juma lijalo yameshaanza kufunguka. Hapo hata hizo wiki tatu hazipo.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu unafanana mno na tunavyokula sisi. Mwaka 1981, mashariki mwa Kanada, katika eneo la Nova Scotia, madaktari waliona wajawazito wanapoteza mimba na wengine wanajifungua watoto walioambukizwa. Wagonjwa walioorodheshwa walikuwa 41, na 34 kati yao walihusu mimba na watoto wachanga. Kilichokutwa ni Listeria. Wakati huo haikuwa imethibitishwa bado kwamba bakteria huyu humpata binadamu kwa njia ya chakula. Wachunguzi waliuliza kila familia ilikula nini, wakaishia kwenye saladi ya kabichi mbichi, ile ya kukatwa nyembamba na kuchanganywa na mchuzi mzito. Wakaifuata kabichi hadi kwa mkulima aliyekuwa pia anafuga kondoo. Kondoo wake wawili walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo huo, na samadi ya zizi hilo ndiyo iliyorutubisha kabichi. Baada ya mavuno aliziweka kabichi ghalani kwenye baridi miezi kadhaa. Baridi huwazuia bakteria wengi kuongezeka, lakini Listeria huendelea kuongezeka hata kwenye friji.

Na Listeria haionekani kwa macho kwenye kabichi. Haiiozeshi, haiipi harufu, haiibadilishi rangi.

Fikiria sasa vibanda vyetu vya chipsi. Kabichi imekatwa tangu asubuhi, ipo kwenye ndoo ya plastiki, imechanganywa na karoti, nyanya na pilipili hoho, inasubiri wateja wa usiku. Fikiria kachumbari ya pilau kwenye shughuli ya watu mia tatu. Fikiria giligilani inayokatwa na kunyunyizwa juu ya mchuzi baada ya chungu kuepuliwa. Mchicha, kisamvu, mnavu na matembele kwa desturi yetu vinapikwa, na moto wa kawaida wa jikoni unaofikisha nyuzi 70 katikati ya chakula unaua bakteria wote niliowataja. Bibi zetu walituachia upishi unaotulinda. Hatari imekaa kwenye vile tunavyovila vibichi, na vibichi vinaongezeka mjini mwaka hadi mwaka.

Hapa sina budi kusema juu ya juisi ya matembele. Imeenea sana siku hizi. Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu imepungua, kabla hajafika nyumbani mashoga na mashemeji wameshamshauri: chukua matembele, osha, tia kwenye blenda na maji au na pasheni, chuja, kunywa glasi asubuhi na glasi jioni. Wapo wanaochemsha majani kwanza, na hao siwalaumu. Lakini wengi wanasaga mabichi, wakiamini kuchemsha kunaua nguvu. Dada yangu unayenisikiliza ukiwa na mimba, wewe ndiye ambaye Listeria inakutafuta kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Mimba hupunguza kinga dhidi ya bakteria huyu. Mama anaweza kuhisi homa kidogo na uchovu tu, huku mtoto tumboni ameshadhurika. Yachemshe matembele. Na vidonge vya madini ya chuma vya kliniki vimeze kama ulivyoelekezwa, usiviache droo kwa sababu ya juisi.

Wasikilizaji wengine wataniuliza: kwani tunakula hivi tangu lini, mbona tuko hai? Wengi tuko hai, ndiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilisema watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa chakula kisicho salama, na 420,000 hufa. Kati ya hao waliokufa, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa kuliko mabara mengine ukilinganisha na idadi ya watu. Kwetu mtoto akiharisha tunasema anaota meno. Mtu mzima akiharisha anasema amekula kitu kibaya, anameza dawa ya dukani, anarudi kazini. Hakuna anayeurudisha ugonjwa ule nyuma hadi kwenye tuta, kama walivyofanya wale wachunguzi wa Kanada. Kesi kutoandikwa hakumaanishi kwamba haikutokea.

Bakteria hao si peke yao. Kuna mayai ya minyoo, na hapa lazima nitofautishe samadi ya mifugo na kinyesi cha binadamu. Kinyesi cha binadamu, kiwe kimetolewa chooni na kumwagwa shambani, au kimeingia kupitia maji ya mto yaliyochanganyika na majitaka, au mtu amejisaidia kando ya shamba kwa kukosa choo, ndicho kinacholeta mchango na safura. Mayai ya mchango hukaa kwenye udongo wenye unyevu kwa miaka. Klorini haiyasumbui. Mabuu ya safura hayangoji hata uyale: huingia kwa ngozi ya mguu, na wa kwanza kuathirika ni mkulima mwenyewe anayesimama peku kwenye tuta lililolowa.

Halafu kuna tegu ya nguruwe. Watu wengi hudhani mtu asiyekula nguruwe hana habari nayo. Sivyo. Anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Huyo mnyoo hutaga, na mayai hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Mayai hayo yakifika kwenye kabichi au saladi na kuliwa na mtu mwingine, hata yule ambaye nguruwe haijapata kuingia nyumbani kwake, mabuu yanaweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako tegu huyu ameenea, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa njia hiyo. Wakazi wa nyanda za kaskazini na za kusini mwa Tanzania wanamfahamu. Kuna watoto wanaopelekwa kwa waganga wakidhaniwa wana mashetani, kumbe ni yai lililoshikamana na jani.

Sitaki pia tuisingizie samadi kila kosa. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa E. koli uliowaua zaidi ya watu 50, na mpaka leo wapo wanaoutaja kuwa ushahidi dhidi ya kilimo hai. Mwanzoni walishutumu matango ya Hispania, wakulima wa Hispania wakapata hasara kubwa bila kosa. Mwishowe uchunguzi ulielekea kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Samadi haikuhusishwa. Hata hapa kwetu, kabla ya kumnyooshea kidole mkulima, tazama maji anayomwagilia, na tazama ndoo ambayo mchuuzi anachovyea mafungu ili yaonekane mabichi mpaka jioni. Ndoo hiyo moja inatosha kulipitishia fungu safi uchafu wa fungu jirani.

Basi samadi ifanywe nini? Ipikwe. Na moto wake inao wenyewe. Ukikusanya maranda ya kuku pamoja na majani makavu, mabua na mabaki ya jikoni, ukayalowesha hadi ukiminya kiganjani yashikane bila kuchuruzika maji, ukayapanga lundo la angalau mita moja kila upande, bakteria wema wanaoozesha wataanza kazi na joto litapanda. Kanuni zile zile za kilimo hai zinataka lundo la wazi lifike nyuzi 55 au zaidi kwa muda wa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe mara tano. Kugeuza ndiyo siri yake, kwa sababu katikati panachemka na pembeni panabaki vuguvugu. Bila kugeuza, kinyesi cha pembeni kinatoka kibichi kama kilivyoingia. Mayai ya mchango yenyewe, ambayo klorini haiyawezi, hayastahimili siku kadhaa za joto hilo.

Mabwana shamba wetu wanafundisha kipimo cha fimbo. Unachomeka fimbo iliyochongwa hadi moyoni mwa lundo, unaiacha humo. Ukitaka kujua hali, unaichomoa na kuishika palipokuwa ndani. Ikiwa ya moto hadi unaiachia, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana, geuza. Fimbo haitakupa nyuzi kamili, na mwenye uwezo anunue kipimajoto kirefu, lakini fimbo ni bora mara elfu kuliko kutojua. Lundo likishapoa lenyewe liachwe likomae. Miezi miwili au mitatu baadaye unapata mboji nyeusi isiyonuka kinyesi. Kisha usiichote kwa koleo lililotoka kwenye kinyesi kibichi, wala usiiache wazi kuku wakapekua juu yake, maana kazi yote itakuwa imerudi mwanzo.

Wakulima wanajua nusu ya haya. Wanajua kwamba maranda mabichi ni ya moto, kwamba yanaunguza miche, na wengi huyaacha kidogo yapoe kabla ya kuyatumia. Wanayapoza kwa ajili ya mmea. Kwa ajili ya mlaji hawajaelezwa. Nasikitika kusema kwamba hata katika semina za kilimo hai nilizohudhuria, rutuba huzungumzwa siku nzima na vimelea huguswa dakika za mwisho, kana kwamba kitu kikiwa cha asili kimeshakuwa salama.

Kwa upande wa jikoni niseme machache. Osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka, hasa upande wa chini, kabla ya kukata na si baada ya kukata. Chumvi inasaidia kuwatoa wadudu wanaoonekana, lakini haiui bakteria. Vidonge vya klorini vya kutibia maji, vikitumika kwa kipimo cha kwenye pakiti, hupunguza bakteria zaidi, ingawa haviondoi wote. Ubao uliokatia mboga yenye udongo usiukatie kachumbari. Na kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mtu ambaye kinga yake imepungua, mboga ipikwe.

Lakini sikubali mzigo wote uishie kwa mama anayeosha mchicha, wala kwa mkulima wa bondeni. Mkulima huyo analima ardhi ambayo si yake, anaweza kuambiwa aondoke kesho, na masika mto ukifurika unabeba matuta na chochote kilichorundikwa kando yake. Utamwambiaje aweke lundo miezi mitatu? Ataliweka wapi? Mwenye nafasi ni mfugaji. Banda la kuku wa nyama husafishwa kila kundi linapouzwa, takribani kila wiki tano au sita, na maranda yapo pale pale kabla hayajatiwa kwenye viroba. Pale ndipo pa kuyapikia, kwenye eneo kavu lenye paa, yakauzwa yakiwa mboji kwa bei ya juu kidogo. Viroba vitapungua uzito, usafiri utakuwa rahisi, na mkulima ataitumia siku hiyo hiyo bila kuunguza mche.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mbolea ina mamlaka yake ya udhibiti. Kiroba cha maranda ya kuku hakina lebo, hakina tarehe, hakionyeshi kama kimepikwa au la. Naziomba taasisi hizi mbili, pamoja na manispaa za Dar es Salaam zenye maofisa ugani wanaowafahamu wafugaji hawa kwa majina, zianze na mabanda makubwa: kinyesi kibichi kisiuzwe kwa wakulima wa mboga za majani, na mfugaji atakayekipika asaidiwe kupata soko. Nawe msikilizaji, ukienda gengeni leo, muulize muuzaji mboga hizi zimewekewa mbolea gani. Huenda asijue. Muulize tena wiki ijayo, naye atamuuliza mkulima.